Tela lililosimama gizani bila taa: uchambuzi wa ajali moja ya usiku

Hiki kisa nataka tukipitie taratibu, maana ni aina ya ajali inayotokea kila mahali penye barabara kuu na malori, na kila ikitokea watu wanabaki kwenye hoja mbili tu, mwenye gari ndogo alikuwa anakimbiza au mwenye lori alipaki vibaya, alafu mjadala umeishia hapo. Ukikaa nayo vizuri unakuta kulikuwa na vitu vitano au sita vilivyotakiwa kuizuia, vyote viko kwenye sheria za taa na vifaa vya gari karibu kila nchi, vyote ni vya gharama ndogo ukilinganisha na lori lenyewe, na usiku ule hakuna hata kimoja kilichofanya kazi.

Ilikuwa hivi. Lori lenye tela, limepakia, linapanda mlima mrefu saa mbili usiku. Barabara ni ya njia mbili, moja ya kwenda moja ya kurudi, hakuna taa za barabarani, lami kavu, hakuna ukungu, hakuna mvua. Mkanda wa alteneta, ile inayochaji betri, ukakatika, na kwenye injini ile mkanda huohuo ndo unazungusha na pampu ya maji, kwa hiyo ndani ya dakika chache taa ya chaji imewaka na mshale wa joto umepanda. Dereva akatoka pembeni, ila pembeni penyewe pembamba, kichwa cha lori kikaingia kwenye bega la barabara na mkia wa tela ukabaki umekaa upande, kona moja ya nyuma ikawa bado iko ndani ya njia kama mita moja na nusu. Akawasha hazadi, yaani indiketa zote zinapepesa kwa pamoja. Baada ya muda akaona zinafifia, akaogopa betri itakwisha na gari isiwake tena, akazima hazadi na taa zote. Utingo akatoa pembetatu ya tahadhari, ilikuwa moja tu na mguu wake umevunjika, akaiegemeza kwenye jiwe hatua kama nane nyuma ya tela. Alafu wote wawili wakaenda mbele, wakainua kabini, wakaanza kumulika injini kwa simu.

Dakika kama ishirini baadaye ikaja gari ndogo yenye watu wawili, spidi kwenye 90, na dereva alikuwa amepiga dimu, yaani ameshusha taa zimulike karibu, kwa sababu kuna gari inakuja mbele yake. Alichokuja kueleza ni kwamba hakuona chochote mpaka kitu cheusi kikubwa kilipokuwa mbele ya kioo, akakanyaga breki na kukata usukani kwa pamoja. Alama za matairi kwenye lami zilikuwa fupi sana. Upande wa abiria ukaingia chini ya kona ya tela. Dereva akavunjika mkono na mguu, abiria akaumia vibaya kichwani, na wote walikuwa wamefunga mikanda. Tela lenyewe halikusogea.

Maneno ya kwanza pale barabarani yalikuwa kwamba huyu alisinzia, tela kubwa namna ile mtu analikosaje kuliona. Naelewa kwa nini watu wanasema hivyo, mchana tela linaonekana toka mbali sana. Ila usiku ukubwa wa kitu haukusaidii kama hakitoi mwanga na hakirudishi mwanga, na hapa ndo nataka tuweke hesabu mezani.

Spidi 90 kwa saa ni mita 25 kwa kila sekunde. Dereva wa kawaida toka jicho lione kitu mpaka mguu ukandamize breki inapita kama sekunde moja na nusu, hapo gari imeshaenda mita 37 na ushee bila kupungua hata kidogo. Alafu breki zenyewe kwenye lami kavu na matairi mazima zinataka mita kama 45 tena. Jumla ni mita 80 na zaidi kidogo. Sasa dimu inaona wapi? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao ndo msingi wa sheria za nchi nyingi, unataka taa ya dimu imulike barabara vya kutosha angalau mita 40 mbele, na taa ya fulu, ile ya kumulika mbali, angalau mita 100. Hicho ni kiwango cha chini, taa nzuri za siku hizi zinafika mbele zaidi hasa upande wa pembeni, ila hata ukisema zinafika mita 60 bado hujafikia 80. Na kitu cheusi, kichafu, kisichong'aa, huwa unakiona ukiwa umeshakaribia kuliko hata pale mwanga unapoishia. Kwa mita 40 spidi ambayo ungeweza kusimama salama ni kama 55 kwa saa. Kwa mita 60 ni kama 73.

Kwa hiyo ukifuata hesabu kavu, kila anayetembea 90 na dimu usiku anaendesha zaidi ya taa zake zinapoona. Na mkataba huohuo kifungu cha 13 unamtaka dereva awe na spidi inayomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona mbele yake. Mwenye gari ndogo hapo ana kosa, sitalificha. Ila jiulize kwa nini barabara kuu nyingi duniani zinaruhusu 80, 90, 100 na zaidi usiku, na watu mamilioni wanapishana kwa dimu kila siku na hawagongani. Sababu ni kwamba usiku hatutegemei taa zetu peke yake, tunategemea kwamba kila kitu kilichoko barabarani kinajionyesha chenyewe. Mkataba unataka taa nyekundu za nyuma zionekane angalau mita 300 usiku wa hali nzuri ya hewa. Mita 300 kwa spidi ya 90 ni sekunde 12. Mita 40 ni sekunde moja na nusu na kidogo, yaani muda ambao mguu ndo kwanza unafika kwenye breki. Huyu dereva alitakiwa apewe sekunde 12 akapewa moja na nusu, na aliyemnyima ni yule aliyezima taa, na kabla yake yule aliyeliachia tela litoke na taa mbovu.

Maana tela lilikuwa bovu toka mwanzo. Fundi aliyekuja kulikagua alikuta taa ya nyuma ya upande mmoja haina balbu inayofanya kazi siku nyingi, ya upande wa pili inawaka ila hafifu kama kijinga cha moto kinachozimika. Akafungua ile plagi inayounganisha waya wa tela na kichwa cha lori, pini ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, imejaa kutu ya kijani, imekula mpaka imekuwa nyembamba. Watu wengi wanaotembeza matela wanajua hii hali ila hawajui inatokana na nini. Athi ikiwa mbovu, umeme unaotoka kwenye taa unakosa njia nzuri ya kurudi, unaanza kutafuta njia kupitia taa nyingine, ndo unaona ukiwasha indiketa taa ya pembeni nayo inapepesa, au ukikanyaga breki taa za nyuma badala ya kuongezeka mwanga zinafifia. Ukiona hivyo usibadilishe balbu, utamaliza duka. Fungua plagi, safisha pini, angalia waya wa athi ulipofungwa kwenye chesisi, kwangua rangi na kutu, kaza. Kazi yenyewe haifiki nusu saa.

Na hapa niseme kitu kuhusu rangi, kwa sababu naona kila siku malori na mabasi yamefungwa taa za urembo za kila rangi. Sheria ya rangi sio ya urembo. Mkataba unakataza taa nyekundu kuonekana kwa mbele na unakataza taa nyeupe kuonekana kwa nyuma isipokuwa ya rivasi, kwa sababu rangi ndo inamwambia mtu wa mbali sana, ambaye haoni gari bali anaona nukta tu, kama kile kitu kinamjia au kinaenda mbele yake. Mtu aliyefunga taa nyeupe kali nyuma ya tela kwa ajili ya kuona wakati wa kupakua, akasahau kuizima, anamwambia anayekuja nyuma kwamba hapo kuna gari inakuja uso kwa uso. Haya, turudi kwenye kisa.

Uamuzi wa kuzima hazadi ndo ulioniuma kuliko yote, kwa sababu ulifanywa na mtu mwenye nia njema kabisa anayejaribu kuokoa gari ya tajiri wake, na ulikuwa hauna faida yoyote. Tufanye hesabu tena. Lori linatumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24, tuseme uwezo wake ni ampea-saa 150. Hazadi zenye balbu nane za wati 21 zikiwaka ni wati 168, ila zinawaka na kuzima, kwa hiyo wastani ni nusu yake, wati 84, sawa na ampea tatu na nusu. Kwa saa nzima umetumia tatu na nusu kati ya 150. Hata betri iwe imechoka, imebaki na theluthi ya uwezo wake, hazadi zitapepesa masaa mengi. Kinachomaliza betri haraka wakati alteneta haichaji ni taa kubwa za mbele, kila moja ina wati 70 au zaidi, pamoja na feni na kila kitu kilichoachwa kinawaka kabini. Hivyo ndo vya kuzima. Taa kubwa zima, redio zima, feni zima, hazadi na taa ndogo acha. Alafu, mkanda umekatika, injini haina pampu ya maji, hilo lori lisingewashwa kwenda popote mpaka mkanda mwingine upatikane, na ukipatikana hata gari jingine lingeweza kuja na waya za kuchangia moto. Betri iliyokufa inafufuliwa.

Kwani hazadi zimewekwa kwa ajili ya nini hasa? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, ile inayohusu ufungaji wa taa kwenye magari, inataka hazadi ziweze kuwaka hata kama swichi ya gari iko sehemu ambayo injini haiwezi kufanya kazi. Waliotunga walishamfikiria huyu dereva aliyekwama na injini iliyokufa. Wakamtengenezea njia, na akaizima kwa mkono wake kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha hesabu ya ampea tatu na nusu. Ukiwa na lori au unasimamia madereva tafadhali waambie hili wiki hii.

Na kule kufifia kwa hazadi? Zilikuwa zinafifia kwa ajili ya ile athi iliyooza, betri ilikuwa bado nzima. Fundi alipima betri kesho yake, lori likiwa limeshavutwa, na zilikuwa bado na moto.

Tuseme sasa umeme umekufa kweli, betri imekwisha, waya umeungua, chochote. Sheria haikuishia kwenye umeme. Tela linatakiwa kuwa na rifleka, vile vipande vya kurudisha mwanga, nyekundu mbili nyuma zenye umbo la pembetatu, ncha juu, na mkataba unataka zionekane mita 150 zikimulikwa na taa za fulu za gari nyingine. Umbo la pembetatu ni la matela, gari lenyewe linalovuta haliruhusiwi kuwa nalo, ili anayekuja nyuma ajue mapema kwamba hapa mbele kuna kitu kirefu. Juu ya hizo kuna stika za kuakisi zinazochora umbo la gari, pembeni na nyuma. Marekani matela yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1993 lazima yatoke kiwandani na stika au rifleka za nyekundu na nyeupe, na ya zamani yote yakapewa mpaka Juni 2001 yawe yamebandikwa. Ulaya magari mapya mazito yakafuata mwaka 2011. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipima matokeo ikakuta kwamba kwenye giza stika zimepunguza ajali za kugonga matela kwa pembeni na kwa nyuma kwa asilimia 29, na kwenye giza lisilo na taa zozote za barabarani, yaani mazingira kama ya huyu mtu wetu, asilimia 41. Karatasi ya kubandika. Haina waya, haina fyuzi, haina balbu, inafanya kazi ya kurudisha mwanga kule ulikotoka, na imepunguza ajali karibu nusu kule gizani.

Tela la kwenye kisa lilikuwa na stika. Zipo kabisa, na kwenye karatasi za ukaguzi zinaonekana zipo. Ila zilikuwa zimefunikwa na vumbi lililochanganyika na moshi na mafuta, rangi moja na bodi. Usiku ule baada ya majeruhi kuondolewa mtu mmoja alipitisha kiganja chenye maji kwenye kona ya mlango wa nyuma, akamulika kwa tochi kutoka mbali, ikawaka alama ya vidole vitano, nyekundu kali, na pande zote kuzunguka pale bado ni giza. Wote waliokuwepo waliiona. Kitambaa na ndoo ya maji asubuhi kabla ya safari, na tela lile lingewaka hata kwa dimu. Sio kwa mita 300, sitaki kusema uongo, dimu inarusha mwanga chini na stika za juu zinapata kidogo, ila zingeonekana mbali vya kutosha kumpa dereva sekunde kadhaa za kuhamisha mguu na kuamua.

Kwa hiyo kwenye ukaguzi swali la kwamba je kuna rifleka halitoshi. Mulika. Simama mita 50 nyuma ya gari usiku na tochi karibu na jicho lako, sio pembeni, karibu na jicho, maana mwanga unarudi kwa aliyeutuma. Kama huoni kitu basi hata dereva anayekuja nyuma haoni kitu.

Pembetatu. Mkataba kifungu cha 23 unasema gari iliyosimama kwenye njia nje ya makazi usiku, katika hali ambayo wanaokuja hawawezi kujua kuna kizuizi, lazima ionyeshwe kwa umbali wa kutosha kwa kifaa kinachofaa kilichowekwa mahali panapofaa. Umbali wa kutosha ni upi, hapo nchi zinatofautiana. Uingereza mwongozo wao unasema angalau mita 45 nyuma ya gari, na kwenye motowei, zile barabara zao kuu za mwendo kasi, usiweke kabisa kwa sababu ya hatari ya kutembea pale. Marekani mwenye gari ya biashara anatakiwa kuwa na pembetatu tatu, aziweke ndani ya dakika 10, na kwenye barabara ya njia mbili kama hii moja inakaa kama mita 3 kutoka kwenye gari upande wa magari yanayomjia, moja mita 30 nyuma, moja mita 30 mbele. Barabara iliyogawanywa katikati, au ya kwenda upande mmoja, zote zinakaa nyuma, mita 3, 30 na 60. Na kama kuna kona au kilele cha mlima kinachoziba, ile ya nyuma inasogezwa mbali zaidi, kati ya mita 30 na 150, mpaka anayekuja aione kabla hajaingia kwenye kona.

Hatua nane za utingo ni kama mita sita. Kwa spidi ya mita 25 kwa sekunde, pembetatu ile ilimtangulia tela kwa robo ya sekunde. Hata kope hazijafumba na kufumbuka vizuri. Na ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe, imelala kidogo kuangalia juu, kwa hiyo hata mwanga ulioipiga haukurudi vizuri kwa dereva. Sina hasira na yule utingo, hakuna aliyemwonyesha, aliambiwa weka pembetatu akaweka. Lakini kuna watu wanaona pembetatu ni kitu cha kumwonyesha askari akiuliza, ndo maana inanunuliwa moja, ya plastiki nyepesi, inavunjika mguu na hakuna anayejali kwa sababu askari akiuliza bado ipo.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kwenye mambo haya, lile bomba au bampa la chuma linaloning'inia nyuma ya tela chini. Tela lipo juu, bampa la gari ndogo lipo chini, wakikutana bila kile chuma gari ndogo inapita chini na kinachogonga tela ni kioo cha mbele na vichwa vya watu. Mikanda na mifuko ya hewa na bodi ya mbele inayojikunja kumeza nguvu, vyote vimetengenezwa vifanye kazi kama pua ya gari ndo imegonga. Ikiwa pua imepita chini, havina maana.

Historia yake inasikitisha. Marekani walikuwa na kanuni ya chuma hicho toka mwaka 1953, ila iliruhusu kiwe juu mpaka sentimita 76 kutoka chini, ambapo gari nyingi ndogo zinapita bila tabu. Tarehe 29 Juni 1967, saa nane na ushee usiku, mwigizaji Jayne Mansfield alikuwa anasafirishwa kwenye barabara ya US 90 kuelekea New Orleans, mbele kuna gari linalopuliza dawa ya mbu na moshi umetanda, lori likapunguza mwendo kwenye ule moshi, gari yao ikaingia chini ya tela. Watu wazima watatu waliokaa mbele walikufa papo hapo, watoto watatu waliokuwa kiti cha nyuma wakapona. Mpaka leo Wamarekani wanakiita kile chuma kwa jina lake. Ungedhani sheria ilibadilika mwaka uleule, hapana. Mapendekezo yaliletwa, yakapingwa, yakaondolewa, na kanuni mpya ya kushusha chuma mpaka sentimita 56 na kupimwa nguvu zake ilianza kutumika Januari 1998. Miaka 30 na zaidi. Mwaka 2022 wakaongeza tena kiwango cha nguvu.

Tela la kwenye kisa chetu lilikuwa na chuma hicho, na fundi alikipima. Upande mmoja kilikuwa sawa. Upande uliogongwa kilikuwa kimekunjwa kuingia ndani na kwenda juu, ajali ya zamani ya kurudi rivasi kwenye kizingiti cha kupakulia, na mtu alishakata kipande kwa gesi ili kisiendelee kugusa. Kwa hiyo kona ambayo ilikuwa ndani ya njia ndo kona isiyo na kinga. Yule abiria aliumia kichwa kwa sababu ya ile kona, hilo sina shaka nalo. Kama chuma kingekuwepo mpaka mwisho gari ingeharibika, wangeumia, lakini mgongano ungekuwa wa bampa kwa chuma.

Tukirudi kwa mwenye gari ndogo, kuna kitu kimoja zaidi cha haki kusemwa. Kupiga dimu alikuwa sahihi, sheria inamtaka azime fulu anapokutana na gari nyingine. Lakini pale taa za mwenzake zilipokuwa zinampiga machoni, hapo ndo sehemu nyeusi kabisa ya barabara, nyuma ya ule mwanga huoni kitu, na macho yanachukua sekunde kadhaa kurudi sawa. Kinachotakiwa hapo ni kupunguza spidi mpaka mmepishana, macho yaangalie ukingo wa barabara na sio taa za mwenzako. Hakupunguza. Pia vifuniko vya taa zake vilikuwa vimefifia na kuwa vya njano kwa jua, ambayo inakula mwanga mwingi sana, na kioo cha mbele kilikuwa na vumbi ambalo likipigwa na taa za mbele linageuka pazia. Hayo nayo ni vifaa, nayo ni sheria, na ukiwa na gari ndogo yanakuhusu wewe moja kwa moja.

Kugawa lawama. Mahakama za nchi nyingi kwenye ajali kama hii hazitafuti mkosaji mmoja, zinagawa kwa asilimia, huyu kwa spidi isiyolingana na anachoona, huyu kwa kizuizi kisichoonyeshwa. Na mara nyingi sheria haiishii kwa dereva, aliyemiliki gari na kuruhusu litoke barabarani likiwa bovu anashtakiwa naye. Kwa maoni yangu mimi mzigo mkubwa wa kisa hiki uko kwa mwenye lori. Dereva alikosea kuzima hazadi, sawa, lakini plagi iliyooza, balbu iliyokufa siku nyingi, chuma kilichokatwa kwa gesi, pembetatu moja yenye mguu uliovunjika, hivyo sio vya dereva wa usiku mmoja. Ni vya mtu anayetoa gari gereji na kusema itafika tu. Mwenye gari ndogo nampa sehemu yake kwa spidi na kwa taa chafu, sehemu ya kweli, sio ya kufunika.

Jambo la mwisho linahusu yule anayetembea kwenda kuweka pembetatu. Utingo aliweka karibu kwa kutokujua, ila wapo wengi wanaoweka karibu kwa kuogopa, na woga wao una sababu, kutembea mita 50 kwenye giza ukiwa na nguo nyeusi na magari yanapita kasi. Ndo maana Ufaransa mwaka 2008 iliwalazimisha wenye magari kubeba fulana ya kuakisi pamoja na pembetatu, na fulana inakaa ndani sehemu unayoifikia kabla hujashuka, sio kwenye buti chini ya mizigo. Uhispania wameenda mbali zaidi, kuanzia Januari 2026 wameondoa pembetatu na kuweka taa ya njano inayopepesa, unaibandika juu ya gari kwa sumaku kwa kunyoosha mkono dirishani, na inatuma mahali ulipo kwenye mtandao wa mamlaka ya barabara. Kwa tela refu nina wasiwasi kwamba taa iliyoko juu ya kichwa cha lori itazibwa na mzigo, kwa hiyo mtu wa lori mimi namshauri awe na taa ya namna hiyo ya kubandika nyuma ya tela kabisa, pamoja na pembetatu zake tatu. Ina betri yake yenyewe. Alteneta ikifa, athi ikioza, dereva akizima kila kitu kwa kuogopa, hiyo inaendelea kuwaka.